Jumatano saa nane: semina ya hisabati safi au ya hisabati tumizi?

Kwenye ubao wa matangazo wa idara, pale karibu na ofisi ya katibu, utakuta karatasi mbili zimebandikwa ubavu kwa ubavu. Moja inatangaza mada ya grafu za vigawanyo vya sifuri katika ringi zenye ukomo. Nyingine inatangaza modeli ya uenezaji wa malaria yenye matibabu na neti. Zote Jumatano, zote saa nane mchana, kumbi mbalimbali. Wewe uko mwaka wa nne, au umeanza uzamili juzi tu, na umeambiwa jina lako lazima lionekane kwenye orodha ya mahudhurio ya angalau semina moja. Uende ipi?

Nimekaa kwenye semina za aina zote mbili huku kwetu, Maseno, Kakamega na mara chache Njoro, na moja niliiwasilisha mwenyewe nikaumbuka. Nitafika huko. Ushauri unaosikika kwenye korido ni kwamba mwenye kichwa kizito aende ya safi na anayetaka kazi aende ya tumizi. Siukubali. Nilichokiona ni hiki: semina ya tumizi ina mlango mpana, kila mtu anaingia, ila ukishakaa ndani ni vigumu kujua kama unachoambiwa ni kweli. Semina ya safi mlango wake ni mwembamba kama wa kibanda cha simu ya zamani, lakini ukipenyeza hata bega moja tu, unaweza kupima mwenyewe, kwa kalamu yako, kama mtoa mada anasema kweli.

Dakika kumi za kwanza

Semina ya tumizi huanza na picha. Mbu mkubwa kwenye slaidi, kisha ramani ya kaunti za kando ya ziwa, kisha historia kidogo: Ronald Ross aliyegundua India mwaka 1897 kwamba kimelea cha malaria kinakua ndani ya mbu, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1902, na kufikia 1911 alikuwa ameandika milinganyo ya ugonjwa huo. Hakuna anayehitaji kuelezwa malaria ni nini. Kwa kweli huenda kuna mtu safu ya tatu anatetemeka nayo hapo hapo alipo. Kisha vinakuja visanduku na mishale: watu wenye afya, watu wagonjwa, waliopona, mbu wasio na kimelea, mbu wenye kimelea. Kila kisanduku kinageuka kuwa mlinganyo wenye d juu ya dt. Baada ya corona kufika Kenya Machi 2020, hata mama mboga alishasikia habari za R, yaani idadi ya watu ambao mgonjwa mmoja huwaambukiza, inayopaswa kushuka chini ya 1, kwa hiyo mtoa mada akiandika R sifuri ubaoni, ukumbi mzima unaitikia kwa kichwa.

Semina ya safi huanza na fasili. Fasili ya pili. Fasili ya tatu inayotumia ile ya kwanza. "Chukua R iwe ringi badilishi yenye moja." Ikifika dakika ya kumi, nusu ya waliohudhuria wanatazama dirishani wakihesabu mabasi ya Busia yanayopita barabarani. Huku magharibi ya Kenya utasikia sana habari za opereta katika nafasi za Hilbert, za grupu, na za ringi zenye ukomo, na mtoa mada mara nyingi huwa amelikalia tatizo lake miaka mitano hata kasahau kwamba wengine wameliona leo asubuhi kwenye karatasi ya ukutani.

Kwa hiyo kama unachotafuta ni saa moja ya kuelewa bila kutoka jasho, uamuzi umekwisha: nenda ya tumizi. Lakini subiri kwanza nikuonyeshe ulichokikosa kule upande wa pili.

Saa ya ukutani

Tazama saa ya ukutani. Ikiwa ni saa kumi, ukiongeza saa tano unapata saa tatu, hupati saa kumi na tano. Tangu utotoni unafanya hesabu ambayo 12 ndani yake ni sawa na sifuri. Sasa badala ya kujumlisha, zidisha. Tano mara tano ni 25, ondoa 12 mbili, inabaki 1. Sawa. Tatu mara nne ni 12, yaani sifuri. Hapo kuna kioja: namba mbili ambazo si sifuri zimezidishwa zikazaa sifuri. Hesabu ya shuleni ilikuapia kwamba jambo hilo haliwezekani. Namba za namna hiyo ndizo vigawanyo vya sifuri, na kwenye saa yetu ziko saba: 2, 3, 4, 6, 8, 9 na 10.

Chora nukta saba kwenye daftari, moja kwa kila namba. Unganisha nukta mbili kwa mstari ikiwa zikizidishwa zinatoa sifuri. Sita anaungana na 2, 4, 8 na 10. Tatu anaungana na 4 na 8. Tisa naye anaungana na 4 na 8. Mistari minane, basi. Ukiwa kwenye 2 na unataka kufika kwenye 3, huwezi moja kwa moja: utapita 6, kisha 4, ndipo ufike. Hatua tatu.

Saa yetu ni mfano mmoja wa ringi, yaani mkusanyiko wa vitu unaoweza kuvijumlisha na kuvizidisha bila kutoka ndani yake; ni badilishi kwa sababu tatu mara nne ni sawa na nne mara tatu. Wazo la kutazama ringi kupitia mchoro wa namna hii lilianzishwa na István Beck mwaka 1988, na mwaka 1999 Anderson na Livingston walithibitisha kwamba, kwa ringi badilishi yoyote, mchoro huu haukatiki vipande na hakuna nukta mbili zilizo mbali zaidi ya hatua tatu. Ringi iwe kubwa, iwe ya ajabu kiasi gani, tatu ndiyo kikomo. Na wewe umeshaona kwa macho yako, kwenye saa ya ukutani, kwamba tatu yenyewe hufikiwa kweli. Hukuhitaji kumwamini mtu.

Hilo ndilo ninalolipendea semina hizi. Nilihudhuria moja ambapo mtoa mada, mtu mwenye shahada zake zote, aliandika ubaoni haraka haraka kwamba michoro ya namna hii huwa na mzunguko ndani yake, yaani unaweza kutoka kwenye nukta, kupita nyingine bila kurudia mstari, na kurejea ulikoanzia. Kwenye saa ya 12 ni kweli: 3, 4, 9, 8, umerudi 3. Msichana wa mwaka wa tatu safu ya pili akanyoosha mkono, sauti ya chini kabisa: "Daktari, na nane?" Tukahesabu sote. Kwenye saa yenye namba nane, vigawanyo vya sifuri ni 2, 4 na 6. Mbili mara nne ni 8, sifuri. Nne mara sita ni 24, sifuri. Mbili mara sita ni 12, inabaki 4, hapana. Mchoro ni kamba ya nukta tatu, hauna mzunguko wowote. Daktari akatabasamu, akachukua chaki, akaongeza sharti moja kwenye sentensi yake, semina ikaendelea. Namba tatu ndogo kutoka kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza zilimsimamisha daktari, na hakuna aliyeona kwamba amekosa adabu.

Siku kumi za mbu

Nisije nikaonekana nimeshaegemea upande. Semina nzuri ya tumizi inaweza kukupa jambo la kukukosesha usingizi, na namba zake nazo zinaingia kwenye daftari.

Kimelea cha malaria kikiingia tumboni mwa mbu hakiko tayari kuambukiza siku hiyo. Kinahitaji siku kama kumi hivi kukomaa, kulingana na joto la mahali. Kwa hiyo mbu aliyemuuma mgonjwa leo ni hatari kwako iwapo tu ataishi hadi siku ya kumi. Tuseme kila kukicha, mbu 90 kati ya 100 wanafika kesho yake. Zidisha 0.9 kwa 0.9, tena kwa 0.9, hadi zifike kumi, moja kwa kila siku: unabaki na kama 0.35. Mbu 35 kati ya 100 wanafika siku ya hatari. Sasa tuseme umeweka kitu kinachowasumbua mbu kidogo, wanaofika kesho wakawa 80 badala ya 90. Zidisha 0.8 kumi kwa njia hiyo hiyo: 0.11 hivi. Kutoka 35 hadi 11! Umewapunguzia mbu uhai kidogo tu kwa siku, na wale wa hatari wamepungua zaidi ya mara tatu. George Macdonald ndiye aliyeliweka wazi jambo hili miaka ya 1950: katika hesabu ya malaria, umri wa mbu una uzito kuliko wingi wake.

Kisha toka ukumbini uangalie magharibi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 huko Asembo na Gem, Siaya, vijiji viligawiwa neti zenye dawa katika utafiti mkubwa wa KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, na wenzao wa CDC, idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Vifo vya watoto vilipungua. Kilichonishangaza mimi ni kwamba hata nyumba zisizo na neti, zilizo karibu na vijiji vyenye neti, ndani ya mita 300 hivi, zilifaidika pia. Ukiwa na hesabu ya 0.9 na 0.8 kichwani, huishangai tena: neti ya jirani inamfupishia maisha mbu yule yule ambaye angekuja kukuuma wewe.

Hilo huwezi kulipata kwenye semina ya vigawanyo vya sifuri, hata ukikaa mpaka taa zizimwe.

Lakini je, hiyo 0.9 ilitoka wapi?

Hapa ndipo nilipoumbuka.

Semina yangu ya uzamili ilikuwa ya malaria. Nilikuwa na visanduku saba, milinganyo saba, jedwali la vigezo lenye mistari kumi na mitano, kila mstari umetajwa ulikotolewa. Nilithibitisha kwamba R sifuri ikiwa chini ya 1 ugonjwa unatoweka. Uthibitisho ulikuwa sahihi. Nimeurudia mara nyingi tangu siku ile na haukosi. Michoro niliyoichora kwa programu ya kompyuta ya MATLAB ilikuwa na rangi nne. Nikamaliza, makofi yakapigwa, nikanywa maji.

Mzee mmoja aliyekaa nyuma, aliyekuwa kimya saa nzima kama amelala, akauliza: "Kijana, huyu mbu wako anaishi muda gani?"

Nikatazama jedwali. Kiwango cha vifo vya mbu: 0.1. Nikajibu kwa ujasiri, "Moja gawanya kwa 0.1, Prof, ni kumi."

"Kumi nini?"

Nikaangalia mstari wa chini wa mchoro wangu. Muda ulikuwa umeandikwa kwa miaka. Vigezo vingine nilivitoa kwenye makala zilizohesabu kwa mwaka, hiki cha mbu nilikitoa kwenye makala iliyohesabu kwa siku, nikavichanganya kwenye sufuria moja. Mbu wangu alikuwa anaishi miaka kumi. "Kwa hiyo," Prof akasema taratibu, "huyo sasa yuko gredi ya nne." Ukumbi ukaangua kicheko, nami nikacheka, maana ningefanyaje.

Sikuwa nimekosea hata hatua moja ya aljebra. Hadhira ya watu thelathini ilikuwa imetazama jedwali hilo robo saa nzima, baadhi yao wenye shahada za uzamifu, na mmoja tu ndiye aliyeuliza swali la mtoto. Hivyo ndivyo semina za tumizi zinavyoweza kukupita. Kila sentensi unaielewa, kwa hiyo unadhani umekagua. Kumbe jambo lenyewe limejificha kwenye kijisanduku cha namba kwenye slaidi ya kumi na mbili, kwa herufi ndogo, na mtoa mada analipita kwa kusema "vigezo vimetolewa kwenye machapisho."

Ukienda ya tumizi, basi, nenda na maswali mawili tu mfukoni. La kwanza: namba hii imepimwa wapi, na kwa kipimo gani? Namba ya mbu wa Tanzania ya miaka ya sabini huenda haimhusu mbu wa Ahero wa leo. La pili: ukiigeuza kidogo, jibu linageuka kiasi gani? Umeona jinsi 0.9 ikigeuka 0.8 inavyopindua kila kitu. Mtoa mada mzuri atafurahi kuulizwa, kwa sababu ameshalifanya zoezi hilo nyumbani na lina slaidi yake. Asiyelifanya utamjua kwa jinsi atakavyokushukuru kwa swali zuri kisha ahamie la mwingine.

Ukienda ya safi, swali ni moja na linatosha: mfano mdogo kabisa ni upi? Hata ukiwa umepotea tangu fasili ya pili, uliza hilo. Mara nyingi mtoa mada ataandika kitu kama saa ya 12 au ya 8, na ukumbi mzima, pamoja na maprofesa waliokuwa wakiitikia kwa kichwa, utakushukuru kimoyomoyo. Ukishapata ujasiri ongeza la pili: sharti hili likiondolewa, nini kinavunjika?

Chaki, mvua na umeme

Hili ni dogo lakini halikosi kukuhusu. Kakamega mvua hunyesha alasiri, na saa nane hadi saa tisa na nusu ndiyo saa yake. Ukumbi ukiwa na paa la mabati, mvua ikianza kupiga, hakuna tena kusikia. Mtu wa semina ya safi huendelea kuandika, tukaendelea kunakili, na kusema kweli mara mbili nimeelewa zaidi mvua ilipomnyamazisha msemaji. Mtu wa tumizi anategemea kusimulia picha zake. Na umeme ukikatika, projekta ikazima, picha zenyewe zinakwenda nazo. Nimeona mtu akijaribu kuchora kwa mkono mchoro wa kompyuta wenye mistari minne ya rangi kwa chaki moja nyeupe. Alistahili chai ya bure.

Kuhusu chai: semina zote mbili hutolewa kwa Kiingereza, lakini baada yake kuna chai na mandazi, na pale lugha hubadilika. Nenda ukasikilize. Mtu anayeweza kusema kwa Kiswahili, huku mkono mmoja umeshika kikombe, kile alichokithibitisha, huyo anakijua. Nimewasikia watu wa pande zote mbili wakishindwa.

Ukuta wa katikati

Ingekuwa rahisi kusema hizi ni nyumba mbili, chagua yako. Mfano mmoja unanikataza, nao ni wa hapa hapa kwetu.

Mwaka 1908, G. H. Hardy wa Cambridge, mtu wa nadharia ya namba aliyejivunia kwamba kazi yake haina faida yoyote ya kidunia, aliandika barua fupi kwa jarida la Science kuhusu jambo la urithi lililowachanganya wanabiolojia. Kulikuwa na waliodhani kwamba tabia yenye nguvu katika urithi itaenea kizazi hadi kizazi mpaka iwameze wote. Hardy alisema, karibu kwa kuona aibu, kwamba jibu ni hesabu ya kuzidisha tu. Ikiwa katika jamii nakala ya jeni ya aina fulani ni moja kati ya kumi, basi kati ya watu 100 utatarajia 81 wasio nayo kabisa, 18 wenye nakala moja, na 1 mwenye nakala mbili. Na kizazi kijacho hali kadhalika, 81, 18, 1, mradi watu wanaoana bila kuchagua kwa jeni hiyo, idadi ni kubwa, na hakuna kundi linalokufa zaidi ya jingine. Mwaka huo huo Wilhelm Weinberg wa Ujerumani alifika pale pale kwa njia yake.

Sasa weka selimundu mahali pa hiyo jeni. Mwenye nakala mbili huugua, na zamani wengi walikufa utotoni. Kwa hiyo sharti la mwisho la Hardy limevunjika, na jeni hiyo ingepaswa kupungua kila kizazi. Haikupungua. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu nchini mwaka 1949 akakuta wenye nakala moja ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi wa sababu: nakala moja humkinga mtu dhidi ya malaria. Mahali penye mbu jeni inabaki, mahali pasipo mbu inafifia.

Angalia kilichotendeka. Thioremu ya mtu wa hisabati safi, yenye masharti yaliyotajwa waziwazi, ndiyo iliyofanya kutopungua kwa jeni kuwa fumbo. Bila masharti hayo kuandikwa, hakuna ambaye angejua atafute lipi lililovunjika. Lile swali la "sharti likiondolewa nini kinavunjika" lilitoka ukumbi mmoja likaenda kufanya kazi katika ukumbi wa pili, na jibu likapatikana kwenye damu ya watu wa kando ya ziwa.

Gharama, na nani aende wapi

Kuna mambo ya mfukoni ambayo hayasemwi semina. Ukichagua njia ya safi, vifaa vyako ni karatasi, subira na makala. Makala nyingi utazipata bure kwenye arXiv, hazina ya makala za kisayansi mtandaoni, na tangu 2021 hata zbMATH, ile orodha kubwa ya machapisho ya hisabati, iko wazi bila malipo. Ukichagua tumizi na unataka namba za kweli za wagonjwa, jiandae kwa kibali cha kamati ya maadili, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na miezi ya kusubiri. Ndiyo maana wengi huazima vigezo kwenye makala za watu. Ndiyo maana pia mbu huishi miaka kumi.

Kwa upande mwingine, tumizi ina majirani. Ukitoka Kisumu kwa matatu kwenda Maseno unapita Kisian, kilipo kituo cha utafiti cha KEMRI, ambako watu huhesabu mbu halisi kila siku. Mwanafunzi wa modeli anaweza kushuka pale na kuuliza swali. Mwanafunzi wa opereta hana pa kushuka. Jirani yake wa karibu anayefanya tatizo lake huenda yuko Ireland au Uchina, naye humwandikia barua pepe usiku.

Sasa uamuzi. Ukiwa mwaka wa tatu au wa nne na una Jumatano moja tu, nasema nenda ya safi. Utapotea, hilo halina shaka, lakini ukitoka na mfano mmoja uliouhesabu mwenyewe, umejifunza kukagua, na kukagua ndiko utakakohitaji siku utakapokaa mbele ya jedwali la vigezo kumi na vitano. Anayeanza na tumizi huzoea kuelewa kila kitu na kutokagua chochote, na tabia hiyo kuiacha ni kazi. Niulize mimi.

Ukiwa uzamili, huna msimamizi na muhula unakwisha, nenda ya tumizi bila kuona haya. Mada huko huzaliwa na mambo unayoyaona dirishani, gugumaji, kipindupindu, bei ya mahindi, na utapata cha kuandika mapema. Ila chagua msimamizi anayeuliza "kumi nini?"

Ukiwa mwalimu wa sekondari unayesoma wakati wa likizo, wengi watakwambia uende ya tumizi ili ukapate mifano ya darasani. Mimi ningekupeleka ya vigawanyo vya sifuri. Saa ya ukutani ipo katika kila darasa, hata kama imesimama, na wanafunzi wa kidato cha pili wameichora michoro ile mbele yangu kwa dakika ishirini, wakabishana kuhusu saa ya 13 mpaka wakagundua kwamba haina mstari hata mmoja, kisha wakataka kujua kwa nini.

Kabla ya kuamua lolote, tafuta jina la mtoa mada kwenye arXiv au zbMATH Jumanne jioni. Ukiona makala zake zina mifano ndani, nenda kwake, ukumbi wowote atakaokuwa. Ukifika ya safi kaa mbele, maana mbao zetu zimepauka na chaki haionekani kutoka nyuma. Ukifika ya tumizi kaa katikati, usawa wa slaidi, mahali unapoweza kusoma herufi ndogo za jedwali. Na uwe na kalamu yenye wino. Karatasi ya mahudhurio hupita mara moja tu, na aliyeishika mwisho huondoka nayo.